Lango la Zuweila: Wafalme walitundika vichwa, wanyonge wakapigilia misumari

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, juma hili naomba ruhusa yenu tusafiri kidogo. Nitawapeleka Misri, katika mji wa Cairo, tukasimame mbele ya lango la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka mia tisa. Wenyewe huliita Bab Zuweila, yaani Lango la Zuweila. Nimelichagua kwa sababu ya ubishi mdogo niliokuwa nao na mama yangu mzazi, ubishi ambao hatukuumaliza hadi Mwenyezi Mungu alipomchukua. Ubishi huo nitaueleza kwa zamu yake. Kwanza tulijue lango.

Kwa watu wa pwani jina la Cairo si geni. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na wazee wetu waliokuwa chini ya utawala wa Mwingereza waliitafuta kwa hamu. Baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo Tanga, alikuwa akinisimulia jinsi watu wazima walivyojazana barazani kwa jirani mwenye redio, kimya, wakisubiri kumsikia mtu akizungumza lugha yao kutoka mbali kiasi kile. Nadhani hadithi hizo ndizo zilizonitia katika kazi hii. Basi mwaka 2014, nilipopata nafasi ya kwenda Cairo kwa mafunzo ya majuma matatu ya utangazaji, siku ya kwanza ya mapumziko nilivaa viatu vyepesi nikaenda kuutazama mji mkongwe kwa miguu.

Ukitoka Msikiti wa Al-Azhar, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamesoma, hufiki mbali. Unashika barabara nyembamba kuelekea kusini, katikati ya maduka ya nguo, wapagazi na mikokoteni, unasukumwa huku na huku, na mara unaona mbele yako minara miwili mirefu imekaa juu ya lango kana kwamba imeota humo. Chini ya minara kuna ngome mbili za mviringo, moja kulia na moja kushoto, na katikati yake njia ya watu. Ukipita na kutokea upande wa pili unawakuta mafundi wa mahema na mapazia, wameketi wanashona vitambaa vya rangi kwa mkono. Watu wanapita mchana kutwa, na wengi wao hata hawainui macho.

Mji huo ulianzishwa mwaka 969 na jemadari Jawhar, kwa niaba ya bwana wake, Khalifa Al-Muizz wa ukoo wa Fatimiya, waliokuja kutoka upande wa Tunisia ya leo. Haukujengwa kwa ajili ya kila mtu. Ulikuwa mji wa khalifa, wa majumba yake, askari wake na watumishi wake. Wafanyabiashara, mafundi na makabwela waliishi Fustat, mji wa zamani ulioko kusini. Jawhar aliuzungushia mji mpya ukuta wa matofali ya udongo, akawagawia askari mitaa kwa makabila yao. Kikosi kimoja kilitoka katika kabila la Zuweila, Waberiberi wenye asili ya Fezani, kusini ya Libya. Wakapewa makazi upande wa kusini, na lango lililokuwa jirani nao likachukua jina lao. Ndivyo kabila la askari lilivyoacha jina juu ya mlango, na jina hilo limeishi kuliko dola yenyewe.

Hekaya ya kwanza ya lango hili ilizaliwa mapema sana. Mwandishi wa tarikh Al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, anasimulia kwamba lango la Jawhar lilikuwa na matao mawili yaliyokaa bega kwa bega. Mwaka 973 Khalifa Al-Muizz alipowasili na kuingia katika mji aliojengewa, alipita katika tao moja, akaliacha la pili. Basi raia wakalishika lile alilopita khalifa, wakaliona lina baraka. La pili wakaliogopa. Ikaenea kwamba atakayepita humo, haja yake haitatimizwa. Hakuna aliyetoa amri. Hakukuwa na askari wa kuwazuia. Ni maneno tu ya mitaani, na tao zima likabaki bila wapitaji.

Nakuomba uikumbuke hekaya hiyo, ndugu msomaji, hasa hilo neno haja. Tutalirudia.

Lango la mawe tunaloliona leo lilijengwa baada ya hapo, na lilijengwa kwa hofu. Katika miaka ya 1060 Misri ilipatwa na njaa iliyodumu kiasi cha miaka saba. Mto Nile haukujaa kama desturi, askari wakapigana wao kwa wao, hazina ya Khalifa Al-Mustansir ikanyang'anywa na kuuzwa. Khalifa akamwita kutoka Akka, katika pwani ya Shamu, jemadari mmoja Mwarmenia aliyeitwa Badr al-Jamali. Badr alifika mwaka 1074 akarudisha utulivu kwa mkono wa chuma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1077, Waturuki wa Seljuk wakiongozwa na Atsiz waliivamia Misri. Badr aliwashinda, lakini somo alilipata: ukuta wa udongo hautoshi. Akaanza kujenga upya kuta na malango kwa mawe. Mwaka 1087 yalisimama malango mawili ya kaskazini, Bab al-Nasr na Bab al-Futuh. Mwaka 1092 likasimama la kusini, Lango la Zuweila.

Al-Maqrizi anasimulia kwamba mafundi wakuu walikuwa ndugu watatu waliotoka Ruha, mji ambao leo uko Uturuki na huitwa Urfa, na kwamba kila mmoja alijenga lango lake. Anasimulia pia hila moja ya kivita. Mbele ya Lango la Zuweila palitengenezwa mteremko wa mawe magumu yaliyolainishwa, ili farasi wa adui wakija mbio wateleze na kuanguka. Mteremko huo ulidumu mpaka zama za Sultani Al-Kamil, mpwa wa Salahuddin Ayyubi. Siku moja Sultani mwenyewe alipita hapo, farasi wake akateleza. Al-Kamil akaamuru mawe yale yang'olewe.

Mimi nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtego uliotegwa kwa ajili ya adui ulimpata mwenye nyumba. Na je, raia wangapi walikuwa wameshateleza hapo na punda wao na mizigo yao, kabla farasi wa mkubwa hajateleza? Hao hawakuandikwa.

Mambo yakabadilika. Salahuddin alianza kujenga ngome mpya juu ya kilima mwaka 1176, na mji ukazidi kutanuka kuelekea kusini, nje ya ukuta. Lango lililojengwa pembeni likajikuta katikati ya mji, kwenye njia kuu kati ya mji wa zamani na ngome ya sultani. Kila mtu alipita hapo. Na mahali anapopita kila mtu, watawala hupapenda kwa jambo moja: kuonyesha. Wezi, wahalifu na waasi walinyongwa hapo, na vichwa vilitundikwa juu ya lango watu wapate kuviona.

Vichwa vilivyopata umaarufu kuliko vyote ni vya mwaka 1260. Wamongoli walikuwa wameuangamiza mji wa Baghdad mwaka 1258, wakaiteka Shamu, na mkuu wao Hulagu akatuma wajumbe Cairo na barua ya vitisho kumtaka Sultani Qutuz asalimu amri. Qutuz aliwaua wajumbe, na vichwa vyao vikatundikwa Lango la Zuweila. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Tarehe 3 Septemba mwaka huo majeshi yalikutana Ain Jalut, katika Palestina, na Wamongoli wakashindwa. Lakini Qutuz hakuwahi kurudi Cairo kushangiliwa. Aliuawa njiani na maamiri wake mwenyewe, na aliyeingia mjini akiwa sultani ni Baybars, mmoja wa waliokula njama. Mji uliokuwa umepambwa kumpokea mmoja ukampokea mwingine.

Miaka mia mbili na hamsini na kitu baadaye, lango hilo hilo lilimpokea sultani kwa namna nyingine. Mwaka 1516 Waturuki wa Uthmaniya chini ya Sultan Selim wa Kwanza waliwashinda Wamamluki huko Marj Dabiq, karibu na mji wa Halab, na Sultani mzee Al-Ghuri akafia vitani. Cairo ikamweka Tuman Bay mahali pake. Alikuwa amiri aliyependwa na watu. Januari 1517 alishindwa huko Ridaniya, nje ya mji, akapigana tena ndani ya mitaa, akakimbia, akapigana tena. Mwisho alikimbilia kwa mkuu mmoja wa Mabedui aliyekuwa amemwapia uaminifu, na huyo ndiye aliyemtoa.

Ibn Iyas, mwandishi wa tarikh aliyekuwa akiishi Cairo siku hizo hizo, ameandika yaliyofuata. Mwezi Aprili 1517 Tuman Bay alipitishwa mjini juu ya farasi, akiwasalimia watu kulia na kushoto, bila kujua anakopelekwa. Alipofika Lango la Zuweila akaona kamba, akafahamu. Aliwageukia watu akawaomba wamsomee Alhamdu mara tatu. Wakasoma, naye akasoma nao. Kisha akamwambia mnyongaji afanye kazi yake. Inaelezwa kwamba kamba ilikatika mara mbili kabla ya kumuua. Mji ukalia. Maiti yake ikaachwa ikining'inia siku tatu.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo vitabu vingi vya historia hulifunga Lango la Zuweila. Khalifa, waziri, wajumbe, sultani, kamba. Mimi mwenyewe nilipofika pale nilikuwa na hayo tu kichwani. Lakini hao waliosoma Alhamdu tatu, halafu wakarudi dukani kwao na jikoni kwao, lango hili lilikuwa nini kwao?

Jibu linaanza na ile minara miwili. Minara si ya lango, ni ya msikiti ulio ubavuni mwake, Msikiti wa Sultani Al-Muayyad. Zamani mahali hapo palikuwa na gereza lenye sifa mbaya. Inasimuliwa kwamba Al-Muayyad, kabla hajawa sultani, alifungwa humo, akateswa na chawa na viroboto mpaka akaweka nadhiri: Mungu akimtoa na kumpa ufalme, gereza hilo atalivunja na kulifanya nyumba ya ibada. Mwaka 1412 akawa sultani. Mwaka 1415 ujenzi ukaanza. Mafundi wakaona ngome za lango zina nguvu ya kubeba, wakaisimamisha minara juu yake.

Mwaka 1418 mmoja wa minara hiyo ukaanza kuinama. Ilibidi ubomolewe na kujengwa tena, na lango likafungwa kiasi cha mwezi mzima, jambo ambalo wenyeji walisema halijapata kutokea. Cairo ikapata kicheko. Wakati huo wanazuoni wawili wakubwa wa Hadithi walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mmoja ni Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye vitabu vyake vinasomwa hadi leo katika madrasa zetu za pwani, na jina lake lina maana ya mwana wa jiwe. Wa pili ni Badr al-Din al-Ayni, na jina lake linatoa sauti ya neno ain, yaani jicho. Ibn Hajar akatunga beti kusema kwamba kilichouharibu mnara si kitu kingine ila ain. Al-Ayni akajibu kwa beti zake kwamba jicho halina kosa, ubovu umo katika jiwe. Watu wa mitaani wakazidaka beti hizo wakaburudika. Mnara umeinama, wanazuoni wanarushiana jicho na jiwe, na mwenye duka aliyefungiwa njia anapata angalau la kuchekea.

Sasa tufike kwenye hekaya yenyewe. Raia wa Cairo hawakupenda kuliita lango hili kwa jina la vitabuni. Waliliita Lango la Mutawalli. Mutawalli ni mtu aliyekabidhiwa madaraka. Wengi hueleza kwamba jina lilitokana na ofisa wa serikali aliyekuwa akiketi hapo kukusanya ushuru na kukata mashauri ya soko. Ofisa huyo alikwenda zake pamoja na dola yake, lakini neno likabaki. Na neno lililobaki bila mwenyewe, watu walilipa mwenyewe mwingine. Wakasema Mutawalli wa lango hili ni walii. Tena si walii mdogo, ni Qutb, yaani mhimili ambao mawalii wote huuzunguka. Haonekani. Kituo chake akipendacho ni juu ya Al-Kaaba, lakini kwa kufumba na kufumbua huweza kuwa Cairo, nyuma ya mlango wa Zuweila. Huwaona wapitaji wote, na huwajua wenye dhiki.

Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo miaka ya 1820 na 1830 na kutoa kitabu juu ya desturi za Wamisri mwaka 1836, aliyaona hayo kwa macho yake. Anaeleza kwamba upande mmoja wa mlango mkubwa wa mbao ulikuwa haufungwi kamwe. Ulikuwa umerudishwa ukaegemea ukuta wa mashariki, na nyuma yake palikuwa na nafasi ndogo iliyo tupu. Hapo ndipo kituo cha Qutb. Wapitaji walisoma Alhamdu, na wengine walimpa sadaka maskini aliyeketi pale, waliyemhesabu kuwa mtumishi wa walii. Mwenye kuumwa kichwa alipigilia msumari katika mlango ili maumivu yabaki humo. Mwenye kuumwa jino, likishang'olewa, alilichomeka katika ufa wa mlango ili maradhi yasimrudie. Na wale wenye udadisi walichungulia nyuma ya mlango, wakitumaini kwamba huenda leo Qutb amesahau kujificha.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Mlango uliojengwa kumzuia Mseljuki, ukatumiwa kuwatisha raia kwa vichwa vya watu, raia wale wale wakaugeuza mahali pa kupeleka haja. Kiti cha mtoza ushuru kikawa kiti cha walii. Alhamdu aliyoiomba sultani akiwa na kamba shingoni ikasomwa na wapitaji karne tatu baadaye. Sisemi kwamba hii ilizaliwa na ile, nasema mahali ni pale pale. Na lile neno la tangu mwaka 973, kwamba kuna tao ambalo ukipita haja yako haitimizwi, likapata jibu lake: kuna mlango ambao ukiushika, haja yako itasikilizwa.

Mwanahistoria atasema hayo ni ushirikina, na sheikh atasema hivyo hivyo kwa ukali zaidi. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Hapa ndipo ubishi wangu na mama unapoingia.

Baba yangu alistaafu mwaka 2004 akafariki mwaka uliofuata, kabla ya kupata mafao yake. Mama akaanza kuyafuatilia. Kila mwezi alipanda basi kwenda katika ofisi moja nisiyotaka kuitaja. Faili halionekani. Faili limeonekana, lakini cheti cha ndoa kina kasoro. Cheti kimekubaliwa, lakini mwenye kutia sahihi yuko safarini. Njoo Jumatatu. Mimi wakati huo nilikuwa kijana mwenye stashahada mpya ya uandishi wa habari na maneno mengi mdomoni. Siku moja nilimsindikiza. Tulipofika mlangoni mama alisimama, akaweka kiganja cha mkono juu ya mwimo, akafumba macho, akanong'ona dua yake, kisha ndipo akaingia. Nikaona haya, watu walikuwa wanatutazama. Tulipotoka nikamwambia, "Mama, mlango hausikii."

Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, na walio ndani je, wanasikia? Angalau mlango haunifokei."

Nilimjibu kwa hotuba ndefu juu ya haki za raia, barua kwa wakubwa na nguvu ya vyombo vya habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina nauli ya kurudi. Mwezi uliofuata akaenda peke yake, na kwa jinsi ninavyomjua, mwimo aliushika. Mafao yalilipwa mwaka 2009. Barua zangu tatu sikupata kujibiwa hata moja. Mama alifariki mwaka 2012, na kila nilipomtania juu ya ule mlango wake alikuwa akicheka tu bila kunijibu.

Basi mwaka 2014 nikasimama chini ya tao la Zuweila. Jiji la Cairo lilikuwa limetikiswa vibaya na tetemeko la ardhi la Oktoba 1992, na lango hilo lilifanyiwa ukarabati mkubwa kati ya mwaka 1998 na 2003. Leo mgeni hukata tiketi akapanda hadi juu kwenye minara, akauona mji wote wa kale ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1979. Mimi sikupanda kwanza. Nilikwenda kwenye mlango. Ni mkubwa, wa mbao zilizovishwa mabamba ya chuma, na chuma hicho kimejaa vichwa vya misumari. Ipi ni ya fundi aliyetengeneza mlango, na ipi ni ya mtu aliyeamka na kichwa kikimgonga, sikuweza kutambua. Imeota kutu pamoja, na rangi yake imekuwa moja.

Nilifikiri juu ya waliokuja na nyundo. Mganga wa maana alikuwa mbali au ghali. Kadhi alikuwa na milango yake na wangoja mlango wake. Sultani alikuwa juu ya kilima. Mlango pekee ambao mtu angeweza kuufikia bila kuulizwa jina lake, bila kuambiwa arudi Jumatatu, ulikuwa huu wa barabarani. Sidhani kwamba wote waliamini kuna mtu nyuma yake. Lane mwenyewe anatuambia kwamba nafasi ile ilikuwa tupu, na waliochungulia waliuona utupu huo sawa na yeye. Walisoma Alhamdu hata hivyo, wakatoa sadaka kwa maskini, wakaenda zao. Maskini yule, kwa uchache, alipata chakula cha siku.

Ndugu msomaji, sikuhimizi ukapigilie misumari katika milango ya watu. Utashtakiwa, na kichwa kitaendelea kuuma. Dua huelekezwa kwa Mungu, na haki hudaiwa kwa sheria. Hilo sijabadilika. Lakini mtu akituambia kwamba wanaoshika miimo na kuchomeka meno ukutani ni wajinga, tumwombe kwanza atuonyeshe ofisi waliyokwenda wakasikilizwa, wakaiacha wakakimbilia ukuta. Hekaya za Lango la Zuweila ziliandikwa na dhiki. Zimehifadhi jambo ambalo tarikh za masultani hazikulihifadhi: kwamba chini ya vichwa vilivyotundikwa walikuwa wakipita watu wenye maumivu ya meno, na hapakuwa na wa kumwambia.

Nilipita lango nikatoka upande wa mafundi wa mahema, kisha nikarudi. Safari ya pili, kundi la wanafunzi lilipokwisha pita na hapakuwa na aliyenitazama, niliweka kiganja juu ya lile chuma. Kilikuwa na joto la jua. Nikamsomea mama yangu Alhamdu, na baba yangu, na kwa kuwa nilikuwa pale, nikamsomea na Tuman Bay.

Ubishi wetu, mama, nakuachia umeshinda.

Hadi juma lijalo majaliwa, ndugu msomaji, nakutakia heri.